Baba alikufa na pombe, kaka anakunywa, sasa mwanangu: je, ulevi uko kwenye damu?

*"Nina miaka 42, ni fundi seremala hapa Moshi. Baba yetu alikunywa tangu nikiwa mdogo, mbege kwanza halafu gongo, mpaka ini likamuua mwaka niliomaliza darasa la saba. Kaka yangu mkubwa tunakaa naye kiwanja kimoja, naye yuko hivyohivyo, asubuhi bila kutia kidogo mikono inatetemeka. Mimi nakunywa bia tatu nne Jumamosi na sijawahi kulewa, watu husema nina kichwa kigumu. Mwezi uliopita nilikuta kichupa cha pombe kali kwenye begi la mwanangu wa miaka 14. Nilimchapa sana, sitaficha. Tangu siku hiyo ananijibu 'ndiyo baba', 'hapana baba', basi. Mama mkwe anasema ni laana ya ukoo, ivunjwe kwa maombi. Shemeji anasema nimwonjeshe bia hapahapa nyumbani ajifunze kunywa kwa adabu. Mke wangu anataka tumpeleke bweni. Mtoto mwenyewe tumemwambia babu yake alikufa kwa malaria. Je, ulevi unarithiwa? Nimeshachelewa?"*

Ndugu yangu, hujachelewa. Nimeanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Unachokijua mpaka sasa ni kimoja tu: kulikuwa na kichupa kwenye begi la mtoto wa miaka 14. Kilikuwa chake au cha rafiki yake, alikionja au alikibeba tu, ilikuwa mara ya kwanza au ya kumi, hayo yote hujayajua, maana fimbo ilitangulia swali. Tutarudi hapo. Kwanza niongelee damu, kwa kuwa naona umewapanga wanaume wa nyumba yenu kwenye foleni, baba, kaka, wewe, na sasa unamwona kijana anasogea kushika nafasi yake.

Swali la damu limewasumbua watafiti miaka mingi, na ugumu wake uko wazi: mtoto wa mlevi hupata damu ya mlevi na nyumba ya mlevi kwa wakati mmoja. Utajuaje kipi kimefanya nini? Mwaka 1973 Donald Goodwin na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Denmark, nchi yenye kumbukumbu nzuri za watoto waliolelewa na familia nyingine. Waliwatafuta wanaume 55 ambao mzazi wao wa kuwazaa alikuwa mlevi wa kutibiwa, lakini wao walichukuliwa wiki chache tu baada ya kuzaliwa wakalelewa na watu wasio ndugu zao. Wakawalinganisha na wanaume 78 waliolelewa vilevile, ila wazazi wao wa kuwazaa hawakuwa na historia hiyo. Katika lile kundi la kwanza, 10 walikuwa walevi ukubwani. Katika la pili, 4. Kwa hesabu ya asilimia ni 18 kwa 5.

Kwa hiyo damu ina neno, na nisingependa mtu akufariji kwa kukuambia haina. Lakini geuza karatasi usome upande wa pili. Wanaume 45 kati ya wale 55, wenye damu ileile unayoiogopa, hawakuwa walevi.

Baadaye zilikuja tafiti nyingi za mapacha, na uchambuzi uliozikusanya pamoja mwaka 2015 ulifikia kwamba vinasaba vinaeleza karibu nusu ya tofauti baina ya watu katika uraibu wa pombe. Hapo kwenye "nusu" ndipo watu wengi hujikwaa. Wanasikia kwamba mtoto wa mlevi ana nafasi tano kwa kumi za kuwa mlevi. Sivyo. Chukua mahindi. Ukipanda mbegu za aina mbalimbali kwenye shamba moja lenye maji ya kutosha kila kona, tofauti ya urefu wa mabua utaiona imetoka zaidi kwenye mbegu. Panda mbegu zilezile pale ambapo nusu ya shamba maji hayafiki, na sasa tofauti kubwa imetoka kwenye maji. Ile nusu inapima tofauti za shamba zima. Bua moja, mwanao, haliwezi kusomwa humo.

Na kinachorithiwa ni nini hasa? Hakuna kinasaba kimoja cha ulevi. Vipo vingi, kila kimoja na mchango mdogo: ini linavyoivunja pombe, mtu alivyo mwepesi wa kurukia jambo kabla ya kufikiri, alivyo na wasiwasi. Lakini kimoja kinakuhusu wewe moja kwa moja, na naomba ukisome polepole.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Marc Schuckit, huko San Diego, Marekani, alianza kuwafuatilia vijana wa kiume, baadhi wakiwa na baba walevi na wengine la. Aliwapa pombe ya kipimo kimoja, kisha akapima wanavyoyumba wakiwa wamesimama na wanavyojisikia. Watoto wa walevi, kwa wastani, waliyumba kidogo na walisema hawajisikii sana. Miaka kama kumi baadaye ilionekana kwamba wale ambao pombe haikuwagusa ndio waliokuwa wameangukia zaidi kwenye uraibu. Sababu yake inaeleweka ukiitazama vizuri. Kulewa ni kengele. Mwenye kengele inayolia mapema huweka glasi chini. Ambaye kengele yake inachelewa humimina tena, hukaa na wamiminaji wenzake, na mwili wake unazidi kuzoea. Hicho ndicho kichwa kigumu. Kijiweni ni sifa, lakini kwa mtoto wa mlevi ni onyo, na kuna uwezekano baba yako alikuwa nacho kabla yako.

Sisemi wewe ni mlevi. Nasema "sijawahi kulewa" isikutulize. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha maswali kumi kiitwacho AUDIT, ambacho mhudumu wa afya anaweza kukupitisha kwa dakika chache. Ukifika alama 8 na kuendelea, ni wakati wa kukaa naye mzungumze. Nenda kajipime. Na wakati unasubiri, jaribu Jumamosi nne mfululizo bila bia, uone kama ni jambo jepesi.

Sasa tutoke kwenye damu tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko mkono wako unakofika.

Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 9,000 wa San Diego. Waliwauliza watu wazima kuhusu utoto wao: ulipigwa, ulitukanwa, mama yako alipigwa mbele yako, uliishi na mlevi, na kadhalika. Waliokutana na aina nne au zaidi za mambo hayo walikuwa na uwezekano wa mara 4 hadi 12 wa kupata ulevi, madawa ya kulevya, sonona au kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiokutana na lolote. Tahadhari moja: hesabu hiyo inaongelea makundi. Anda mwenyewe ameonya watu wasiitumie kumtabiria mtu mmoja mmoja. Usikae ukajihesabia alama na kujihukumu.

Linalofaa kulishika ni jinsi jambo hilo linavyofanya kazi. Katika mahojiano yangu vijijini niliwahi kukaa jikoni na msichana wa miaka tisa akimenya ndizi, jioni, mama yake akiwa sokoni. Ghafla kisu kikasimama. Sikusikia kitu. Yeye alikuwa amesikia buti kwenye changarawe, mbali, chini ya mgomba wa mwisho. Akasikiliza hatua tano sita hivi, kisha akasema, "Leo hajanywa," akaendelea kumenya. Hicho ndicho mwili wa mtoto hujifunza katika nyumba yenye ulevi: kukaa lindo. Moyo uko tayari, usingizi mwepesi, masikio nje. Lindo hilo halizimiki mtoto akifikisha miaka 18. Na kwa wengi, glasi ya kwanza ya pombe ndiyo siku ya kwanza lindo kunyamaza. Mtu anayepata utulivu huo kwa mara ya kwanza maishani ataurudia, na wala si kwa sababu ana roho mbaya.

Nadhani wewe unazijua hatua za baba yako mpaka leo. Basi jiulize, mwanao anasikiliza nini? Anasikiliza za baba yake mkubwa usiku akirudi. Na tangu mwezi uliopita, anasikiliza na za kwako.

Kuhusu viboko nitasema bila kukuhukumu. Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Ulifanya kilichofanywa kwako na kwa jirani zako. Lakini kuwa cha kawaida hakukifanyi kiwe dawa, na gharama yake kwa jambo hili unaiona: "ndiyo baba, hapana baba."

Gharama hiyo ni kubwa kuliko unavyodhani. Kwa muda mrefu tuliwaambia wazazi kwamba mtoto anayefuatiliwa kwa karibu haharibiki, kwa sababu tafiti zilionyesha wazazi wanaojua mienendo ya watoto wao huwa na watoto wenye matatizo machache. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr, wakifanya kazi Sweden na vijana 703, wote wa miaka 14 kama wako, waliuliza swali ambalo tulilisahau: mzazi anajuaje? Je, ni kwa kupekua, kubana, kuhoji? Kwa sehemu kubwa, hapana. Wazazi waliojua walijua kwa sababu mtoto mwenyewe aliwasimulia, kwa hiari. Nikiulizwa ni ipi kinga kubwa uliyo nayo dhidi ya ule mstari wa baba na kaka, nitajibu kwamba ni mdomo wa huyo kijana kuwa wazi kwako. Mwezi uliopita ulifungwa. Kazi ya kwanza ni kuufungua, kabla ya maombi, kabla ya bweni, kabla ya yote.

Unaufunguaje? Kwa kuomba radhi. Najua wako watakaosema mzazi haombi msamaha kwa mtoto, atapanda kichwani. Nimeona wazazi wakifanya hivyo na heshima yao ikabaki palepale, tena ikaongezeka. Usimketishe sebuleni kama mahakamani. Mchukue karakana siku ambayo hakuna mafundi wengine, mpe ubao na randa, mfanye kazi bega kwa bega. Wavulana huongea vizuri mikono ikiwa na shughuli na macho hayatazamani. Mwambie: "Nilikuchapa kwa hofu. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Samahani." Halafu nyamaza, upige randa. Huenda siku hiyo asiseme chochote. Mrudishe wiki ijayo. Akianza kusema, hata kama anachosema kinakuchoma, lazima umsikilize mpaka mwisho, kwa sababu siku hiyo anakupima.

Kuomba radhi hakufuti sheria ya nyumba. Pombe hakuna mpaka miaka 18, na mwambie mapema, kwa utulivu, nini kitafuata akiivunja: kukaa nyumbani wikiendi, kukosa simu, chochote unachoweza kukitimiza bila fimbo.

Sasa ushauri wa ndugu. Mama mkwe anataka maombi. Ombeni. Sina ugomvi na maombi, na familia iliyopiga magoti pamoja angalau imekaa pamoja. Ila neno "laana" lisitamkwe mbele ya mtoto. Kijana anayeambiwa limeshaandikwa kwenye damu yake ataona hakuna haja ya kupigana nalo.

Shemeji amekosea, japo ana nia njema, na kosa lake limeenea sana, hata kwa wasomi. Huko Australia vijana zaidi ya 1,900 walifuatiliwa kwa miaka sita, na matokeo yakatoka mwaka 2018: wale waliopewa pombe na wazazi hawakupata kinga yoyote. Walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunywa kupita kiasi kuliko ambao hawakupewa na mtu, na pia wa kuja kuipata kwa watu wengine. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, wa mwaka 1997, ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuja kuwa tegemezi wa pombe, na walioanza wakiwa na 20 au zaidi walikuwa karibu asilimia 10. Sehemu ya pengo hilo ni kwamba watoto wenye shida nyingine ndio huanza mapema, kwa hiyo si umri peke yake. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye historia kama yenu, kila mwaka anaochelewa ni faida.

Bweni ni gumu zaidi, na sina jibu la mkato. Kama kaka yako anafanya fujo usiku, anatishia, anapiga, basi umbali ni ulinzi na mkeo ana hoja nzito. Kama kaka ni mlevi mpole anayelala tu, bweni litamtenga mtoto na ninyi wakati uleule mnapohitaji kuongea, na vichupa huingia bwenini pia. Zaidi ya hayo, atakwenda akiamini amefukuzwa kwa kosa lake. Mimi ningengoja muhula mmoja, nifanye kazi ya kuufungua mdomo kwanza.

Kuna jambo lingine la nyumbani ambalo halina gharama. Steven Wolin na Linda Bennett, huko Washington, walichunguza familia zenye mzazi mlevi, wakitafuta kwa nini nyingine hupitisha ulevi kwa watoto na nyingine hazipitishi. Zilikuwa familia chache, lakini walichokiona nimekiona na mimi. Pale pombe iliporuhusiwa kuvunja chakula cha jioni, sikukuu na kawaida za nyumba, watoto walielekea kuubeba ulevi. Pale familia ilipozilinda kawaida hizo, mlevi akiwepo asiwepo, walielekea kupona. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akipakua saa mbili kila usiku. Sahani ya mume ilifunikwa kwa sahani nyingine na kuwekwa pembeni ya jiko, bila matusi, na watoto watano walikula, wakaulizana habari za shule, wakasali, wakalala. Hakuna aliyemngoja mlevi ili maisha yaanze. Wewe unajua Krismasi ya uchagani ilivyo, ukoo mzima umepanda nyumbani, mbuzi anachinjwa, kata ya mbege inazunguka. Amueni sasa, wewe na mkeo, sehemu gani ya siku hiyo ni ya watoto na haitaguswa na pombe hata baba mkubwa akianguka mlangoni.

Na wewe mwenyewe ulinusurikaje? Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa wale waliozaliwa kwenye hatari nyingi, umaskini, ugomvi, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili, karibu theluthi moja walikua watu wazima imara wenye upendo. Kilichojirudia kwenye maisha yao ni mtu mzima angalau mmoja aliyekuwa nao bila kuyumba, bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Nani alikushikisha randa mara ya kwanza? Huenda ni huyo. Mwanao naye anahitaji mmoja zaidi yako, mtu ambaye hatamchapa na hanywi naye.

Kuhusu kaka yako, hapa naomba uwe makini sana. Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka atie kidogo, mwili wake umeshaishikilia pombe. Usimfungie ndani wala kumlazimisha aache ghafla. Kuanzia saa chache mpaka siku nne hivi baada ya kuacha anaweza kupata degedege, kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, na watu hufa hivyo. Kuacha kwake kuwe hospitalini, chini ya dawa na usimamizi, hospitali ya mkoa au KCMC, ile hospitali ya rufaa hapo Moshi. Akitapika damu, macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa maji au akianza kuchanganyikiwa, mpeleke siku hiyohiyo. Hapo KCMC pia watafiti wamekuwa wakijaribu mazungumzo mafupi kati ya muuguzi na majeruhi wanaokunywa, mpango walioupa jina Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Nakutajia ili ujue kwamba kwenda hospitali na kusema "shida yangu ni pombe" si aibu, kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao.

Mwanao mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili ukigundua anakunywa peke yake, au asubuhi, au masomo yameporomoka ghafla, halali, amejitenga na rafiki wote. Akitamka lolote kuhusu kufa au kutotaka kuishi, usingoje kesho. Na wewe nenda kama zile Jumamosi nne zitakushinda, au mkono ukiinuka tena kabla hujafikiri.

Limebaki la malaria. Mwambie ukweli. Kijana asiyejua historia ya familia yake hawezi kujua kwamba kichwa kigumu, kikija kwake, ni onyo. Na watoto huwa wanajua nusu nusu, kutoka kwa majirani. Fanya hivyo karakana, siku mdomo utakapokuwa umefunguka, kwa maneno yako mwenyewe, kitu kama hiki: "Babu yako hakufa kwa malaria, alikufa kwa pombe. Alikuwa seremala mzuri kuliko mimi, na nilimpenda. Mimi na wewe tunaweza kuwa na mwili kama wake, ambao hausikii haraka, kwa hiyo sisi tunatakiwa kujichunga kuliko wenzetu. Mimi nimeacha zile za Jumamosi. Niulize chochote unachotaka kuhusu babu."

Kama hakuwa seremala, weka alichokuwa.